Vitabu Mia Nne na Kumi na Viwili

Jumatatu, 3 Februari 2025

Fomu imeletwa. Kurasa sita. Juu: "Tathmini ya Nyenzo za Maktaba kwa Kozi Mpya — Shahada ya Historia ya Kale." Mwisho wa ukurasa wa sita: jina na sahihi ya Mkutubi.

Mkutubi! Kampasi hii haina mkutubi wa kudumu tangu Mzee Gilbert alipostaafu, miaka sita sasa, na mwenyewe ameshatangulia. Ina mimi. Barua yangu ya kazi yasema "Msaidizi wa Maktaba, Daraja la Pili". Nafungua mimi, nafunga mimi, naagiza mimi, nahesabu mimi. Likija jambo la kutiwa sahihi, ndipo naitwa mkutubi.

Aliyeileta ni Dkt. Seth, mhadhiri mpya wa historia. Mwembamba, mtu wa Kakamega, shati limemganda mgongoni. Joto hili la kaskazi hajalizoea.

"Madam Tumu, hiyo ni ya kusaini tu. Nimeshajaza kila kitu."

Kweli ameshajaza. Idadi ya vitabu vya historia ya kale vilivyopo: 412. Ameitoa kwenye kompyuta. Chuo chataka visipungue 150 ndipo kozi ianze, kwa hivyo amefurahi kama aliyeokota pesa.

Nikamwambia sitii sahihi kitu nisichokihesabu. Akacheka. Alidhani namtania.

Maktaba nzima ina vitabu elfu saba na mia tatu. Yaani kila vitabu kumi na vinane, kimoja ni cha Mafirauni na Warumi? Sisi, kampasi ya ualimu na hoteli? Namba hii haiingii akilini.

Jumanne, 4 Februari

Tangazo limebandikwa kando ya ofisi ya Naibu Mkuu wa kampasi, Bi Roselyne. Nafasi ya Mkutubi. Usaili Jumatatu, tarehe 3 Machi. Mwenyekiti wa jopo: Bi Roselyne mwenyewe.

Hii ni mara ya tatu kuiomba. Mara ya kwanza waliletewa mtu kutoka Nairobi, akakaa miezi minne. Mara ya pili wakaleta mwingine, akakaa wiki saba akasema mbu wamemshinda. Mimi nilianza hapa na ufagio mwaka 2010. Cheti nikakisomea jioni, diploma Jumamosi, shahada nikaimaliza nina miaka arobaini na minne. Mbu walikuwepo!

Wakaguzi wa kozi mpya waja Alhamisi tarehe 27. Usaili siku nne baadaye. Sina haja ya kuambiwa maana yake.

Jumatano, 5 Februari

Tumeanza kuhesabu, mimi na Iddi. Iddi ni mwenzangu wa pale kaunta, zamani alikuwa akitembeza watalii Diani, miaka kumi na miwili. Nimempa orodha ya kompyuta asome, mimi nashika kitabu.

"Bi Mkubwa, kwa nini wajitesa? Waandike historia ya kale ni wewe na mimi, basi. Tuko wawili."

Hadi saa kumi: orodha 412, rafuni 371. Arobaini na kimoja havipo. Tisa najua vililiwa na mchwa mwaka 2018, maana niliwafagia mwenyewe. Vingine viko kwenye makabati ya watu waliokwisha kupata shahada zao.

371 bado ni zaidi ya 150. Dkt. Seth akapita, akainua kidole gumba.

Ijumaa, 7 Februari

Nusu siku. Tulifunga maktaba kabla ya swala.

Kati ya 371, tisini na sita ni kitabu kimoja! Kile kile! Kile cha msaada kilichokuja kwa kontena, "Warumi Waliishi Vipi", cha watoto wa miaka kumi na miwili, kina michoro ya kupaka rangi. Nakala tisini na sita si vitabu tisini na sita. Hata mwenye duka hawezi kusema ana bidhaa tisini na sita kwa sababu ana sabuni tisini na sita za namna moja.

Vimebaki 275.

Nimekumbuka pia: nina siku saba za saumu za kulipa kabla ya Ramadhani. Kila mwaka najiambia nitalipa mapema. Kila mwaka Shaaban yanikuta.

Jumatatu, 10 Februari

Nimefunga. Moja.

Leo rafu ya chini. Vitabu vya hoteli. Mwaka 2011 hoteli moja ya Diani ilifungwa, ikatupa maktaba yake ya wageni. Makasha ishirini na mbili. Vyote Kijerumani na Kiitaliano, na Kifaransa kidogo. Tangu siku hiyo hakuna aliyeazima hata kimoja. Karatasi za mihuri ya kuazima ni nyeupe pe. Lakini vina namba ya rafu: 930. Historia ya kale. Nimevihesabu: 203.

Iddi ajua Kijerumani na Kiitaliano cha ufukweni. Nikamwambia anisomee.

Akashika cha kwanza, jalada la samawati, nguzo nyeupe na bahari nyuma. Akasoma midomo ikimcheza. Akacheka mpaka akashika rafu.

"Nini?"

"Bi Mkubwa, hiki ni mapishi. Mapishi ya Kigiriki! Tazama, pweza wa kuchoma."

"Funika hicho. Nimefunga."

Cha pili kina piramidi. Akasema ni hadithi ya mpelelezi, mtu auawa ndani ya meli mtoni Nailo, muuaji ni daktari wa meno. Cha tatu kina piramidi pia: chemshabongo. Cha nne nguzo nne na paa la pembetatu — nikasema hiki sasa ni hekalu. Akageuza nyuma. "Benki. Namna ya kuweka akiba uzeeni." Cha tano sanamu ya mwanamke ameshika mizani, kafunikwa macho: sheria ya talaka.

Tukaenda hivyo, kimoja kimoja. Iddi machozi yakimtoka. Mimi nilicheka vya kwanza kumi. Baada ya hapo nilikuwa najiuliza ni mjinga gani aliyeviandika 930.

Jumanne, 11 Februari

Tumemaliza. Kati ya 203, kumi na saba tu ni vya historia ya kale kweli, navyo ni vya Kijerumani. 186 ni upuuzi mtupu. Na katika vile sabini na viwili vilivyobaki, vya Kiingereza na Kiswahili, kumi na kimoja ni tafsiri za Biblia zilizopotea njia. Vyenye kufaa: sitini na kimoja.

61. Ukipenda ongeza vya Kijerumani, 78. Ukipenda sana ongeza cha kupaka rangi, 79. Havifiki 150 hata ukivisukuma.

Nikaenda kuchukua rejista ya mapokezi, ile ya mkono, iliyoandikwa kabla ya kompyuta. Kila kitabu kinapoingia kinaandikwa humo: tarehe, jina, namba ya rafu, aliyeandika. Nilitaka kumjua huyo mjinga.

Ukurasa wa kumi na nne. Juni 2011. Kitabu baada ya kitabu, 930, 930, 930. Mwandiko wa duara, umenyooka, wa mtu anayeandika polepole asikosee. Kwenye safu ya mwisho, herufi mbili: M.R.

Mwanatumu Rai.

Mimi.

Jumatano, 12 Februari

Sikuandika zaidi jana. Nilirudi nyumbani nikachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Nakumbuka kila kitu. Makasha yaliingia wakati wa likizo. Mzee Gilbert mgongo ulikuwa wamuuma. Akaniita: "Mwanatumu, weka ufagio chini. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu." Akanipa kalamu ya wino. Na kadi. Kadi hiyo ninayo hadi leo, kwenye kasha la sindano:

"Lugha usiyoijua, tazama jalada. Piramidi, nguzo, sanamu: 930. Wanyama: 590. Chakula: 641. Meli: 387. Usipojua, niulize."

Usipojua, niulize! Neno la mwisho kabisa. Na sikumuuliza. Vitabu mia mbili na tatu, sikumuuliza hata kimoja. Alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, anywa chai. Nilitaka amalize chai akute nimemaliza. Nilitaka aone kwamba najua.

Na aliona. Wiki iliyofuata alimwandikia mkuu barua, nikatolewa kwenye ufagio. Kazi yangu yote imesimama juu ya ukurasa ule. Mwaka 2016 wakaja vijana wa kompyuta, wakanakili rejista ilivyo. Hakuna aliyefungua kitabu. Kwa nini wafungue? Mwandiko ulikuwa mzuri.

Jumapili, 16 Februari

Nilikwenda kwa dada yangu Husna, huko Bongwe. Anapika mahamri ya kuuza, mikono unga hadi viwiko. Nikamweleza.

"Kwa hivyo?" akasema. "Kimya. Nani atajua?"

"Iddi ajua vitabu. Hajui mwandiko."

"Basi watu wawili, mmoja ni wewe na wa pili hajui. Mwanatumu, wewe hata nguo ukianika wahesabu vibanio. Mara moja tu katika maisha yako, usihesabu!"

Nikamwambia ni sahihi yangu. Akanigeukia na mwiko.

"Miaka kumi na mitano wanakula jasho lako bila jina. Leo jina linakuja, wewe wataka kwenda kuwaambia mimi nilikosea nilipokuwa mfagiaji. Wallahi, hao waliokaa wiki saba walikiri nini?"

Nilimsaidia kukanda. Akanifungia mahamri manane. Nilihesabu, ndiyo.

Jumatatu, 17 Februari

Nimefunga. Tatu sasa (ya pili nililipa Alhamisi).

Saa nne akaingia mtu mzima, kanzu nyeupe, viatu mkononi vimelowa. Akatoa shikamoo tangu mlangoni. Mwalimu Mbwana, wa shule ya msingi, kisiwani Wasini. Ana barua ya kukubaliwa kwenye kozi ya Historia ya Kale. Nikaisoma mara mbili. Kozi haijakaguliwa, barua zimeshatoka!

Akasema ameomba likizo ya masomo, miaka minne, amekubaliwa, nafasi yake darasani imeshapewa mwingine. Amekuja kuona vitabu tu. "Mama, mimi nimesoma maisha yangu yote kwa kuazima. Nataka nione rafu nzima ya kitu nikipendacho."

Nikamwonyesha rafu. Ningefanya nini? Alisimama mbele yake kama mtu aliyefika mahali. Akavuta kimoja, chenye magofu ya Roma. Akageuza kurasa. Akageuza tena. Hajui Kijerumani lakini mwalimu ni mwalimu.

"Mama, hiki chaonyesha mikahawa. Tazama, kuna uma na kisu, na nyota."

"Hicho kimewekwa vibaya, Mwalimu."

"Ah." Akakirudisha mahali pale pale, kwa adabu. Akavuta cha pili. Chemshabongo. Wageni wa hoteli walikuwa wameshaijaza nusu. Akakifunga.

"Basi vile vyenyewe viko wapi, Mama?"

Nikamwonyesha vile sitini na kimoja. Rafu moja na robo. Akavitazama vyote, akasoma migongo yote, midomo yamcheza kama ya Iddi lakini hakucheka. Akasema vyapendeza. Akashukuru. Alipotoka alivaa viatu vyake vilivyolowa.

Alikuja kutoka Wasini kwa ajili ya mwandiko wangu.

Jumanne, 18 Februari

Nimemwambia Dkt. Seth. Si habari ya rejista — habari ya 61. Akaketi kwenye kiti cha kusomea, akavua miwani.

"Madam, are you sure?"

"Nimehesabu mara tatu."

"Sasa nitafanya aje? Kandarasi yangu ni ya mwaka mmoja. Kozi ikikwama, mimi narudi nyumbani."

Nilimwonea huruma, na si kawaida yangu kwa watu wenye daktari mbele ya jina. Printa ikaanza kuyumba kama kawaida yake, karatasi zikamwagika. Iddi akainama kuokota, akasukuma lile kasha linaloiinua ili ikae sawa. Kasha likapasuka pembeni.

Ndani: ripoti. Nilizisahau kabisa. Za wale watafiti wa mambo ya kale waliokuwa wakichimba mapangoni upande wa Msambweni, kila msimu walikuwa wakituletea moja. Zimebanwa kwa pini tu. Mzee Gilbert alikuwa na sheria yake: kisicho na mgongo si kitabu, hakiingii rejista. Mgongo ndiko inakobandikwa namba. Basi zikawa chini ya printa.

Ishirini na tisa. Zote za Kiingereza, ramani, vipimo, picha za shanga na mifupa na vigae.

Dkt. Seth akaketi chini. Chini kabisa, sakafuni, suruali ya kitambaa! Akasoma saa nzima. Mara anaita, "Madam, kuja uone," mara anasahau kwamba ameita. Shanga zilizotoka ng'ambo ya bahari. Watu waliopika samaki wale wale tunaowapika. Miaka zaidi ya elfu.

"Mimi nimeandika mtaala unaanza Misri," akasema. "Ningeanzia hapa. Hii hapa ndiyo maktaba."

Tukatazamana. Mapishi ya pweza yana namba, na hizi zilishikilia printa.

Nikamuuliza: waweza kuandika mtaala upya? Waweza. Lakini lazima urudi kwenye seneti, Nairobi. Mwaka mmoja. Labda zaidi.

Alhamisi, 20 Februari

Nimefunga. Nne.

Bi Roselyne aliniita. Ofisi yake ina feni inayogeuka upande wake tu.

Si mtu mbaya. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Alianza na chaki shule ya msingi, Kisii, akajisukuma. Akanikaribisha kiti. Akaniambia kampasi ina wanafunzi 288. Makao makuu yakiona tumeshuka chini ya 300 mwezi wa Septemba, wanatuunganisha na Mombasa. Barua za kozi mpya zilizotoka ni 43. 288 na 43 ni 331. Hesabu yake ni sahihi, nimeirudia.

"Tukiunganishwa, Iddi anaenda nyumbani. Wewe pia. Mimi pia. Na hao 43 watasoma wapi? Kidogo ni bora kuliko hakuna, Bi Tumu. Vitabu tutanunua baadaye."

"Baadaye lini?"

"Baadaye."

Basi nikamwambia. Sijui kwa nini. Nikamwambia nusu ya ile 412 niliiandika mimi, mwaka 2011, nikiwa mfagiaji, kwa kutazama picha. Nilidhani atashtuka.

Alitabasamu. Tabasamu la mtu aliyeokolewa!

"Basi vizuri. Namba ni yako. Ukiikana, unajikana mwenyewe." Akageuza feni, ikanipuliza mimi kidogo. "Jumatatu ya tarehe tatu nitakuwa kwenye kile kiti cha usaili. Ningependa nikuulize maswali ya mkutubi. Nisikuulize maswali ya Juni 2011."

Nikatoka. Kwenye ngazi nikajikuta nahesabu vidato. Kumi na sita. Nilivifagia miaka mingi, nilikuwa najua ni kumi na sita.

Jumapili, 23 Februari

Vunja jungu kwa Husna. Ramadhani yaja, watu wanakula kama wanaohama. Pilau, kuku wa kupaka, samosa. Watoto wa jirani wamejaa uani. Nilikula vizuri, alhamdulillahi.

Husna akaninong'oneza mbele ya sinia: umenyamaza? Nikamwambia bado sijatia sahihi. Akasema, "Kutotia ni nusu ya kutia. Nenda taratibu hivyo hivyo." Halafu akaniwekea paja la kuku, ambalo hunyima hata mumewe.

Baadaye, tukiosha vyombo, akasema jambo jingine. Akasema: "Yule mwalimu wa Wasini uliyenisimulia. Alivaa tena viatu vyake vilivyolowa?" Nikasema ndiyo. Akasugua sufuria ile moja muda mrefu.

Jumatatu, 24 Februari

Nimefunga. Tano.

Nimezipa namba zile ripoti 29. Nimebandika namba mbele, kwa kuwa mgongo hazina. Zimo kwenye rejista, ukurasa mpya, herufi M.R. Nimefungua kila moja kabla ya kuandika.

Jumatano, 26 Februari

Sita.

Nimeandika 61 kwenye fomu. Kwa penseli. Chini yake, kwa penseli: "na ripoti 29 za uchimbuaji." Wino bado.

Dkt. Seth alipita jioni, akaiona. Hakuniomba nibadilishe, wala hakuniomba nisibadilishe. Akauliza kama aweza kuazima ripoti tatu. Nikampigia mihuri. Mihuri ya kwanza.

Alhamisi, 27 Februari

Nimefunga. Ya saba, ya mwisho.

Saa mbili na nusu. Maktaba imepigwa deki, Iddi amevaa tai. Wakaguzi watatu wameshafika, wako juu kwa Bi Roselyne. Nimeketi mezani naandika. Kwa mbali yaonekana kama kazi.

Saa tatu. Bi Roselyne alishuka peke yake. Akatazama meza: rejista wazi ukurasa wa kumi na nne, kadi ya Mzee Gilbert kando, ripoti zimepangwa. Aliifunga rejista kwa mikono miwili, polepole, kama mtu afunikaye chakula, akaitia kwenye droo. Penseli kwenye fomu aliiona. Akatoa kifutio mfukoni! Alikuja nacho. Akafuta, akapuliza vumbi.

"Wakitaka rejista wataiuliza, Bi Tumu. Jaza kama ilivyo kwenye kompyuta. Kwa wino." Akapanda ngazi. Vidato kumi na sita.

Nafasi ya idadi ni nyeupe sasa. Imebaki alama hafifu ya 61 ukiinamisha karatasi kwenye mwanga.

Tatu na robo. Iddi ameshuka mbio. Wanakunywa chai juu, na mahamri. Mmoja hanywi. Mama mmoja wa baibui la kijivu, kwa lafudhi mtu wa Mombasa. Amesema amefunga, analipa, na harufu ya mahamri yamtesa, afadhali ashuke atazame vitabu kwanza. Bi Roselyne amemwambia angoje waende pamoja. Amesema hana haja ya kuongozwa kwenda maktaba.

Ameingia. Salamu nzuri, ndefu, ya pwani. Nimemwonyesha viti. Hakuketi. Ameuliza 930 ni upande gani.

Naandika ili nisimkodolee macho. Nimetoa rejista kwenye droo. Iko mapajani.

Apita vile sitini na kimoja. Ameinama. Ameendelea. Rafu ya chini. Ametoa kimoja — jalada la samawati, nguzo nyeupe! Kati ya vyote! Afungua katikati. Nahisi ni pweza. Maskini, naye amefunga.

Ametoa cha pili. Cha tatu. Anavipanga juu ya rafu, kimoja juu ya kingine, bila kelele.

Viatu vya Bi Roselyne ngazini. Navijua. Vidato viwili, vitatu.

Mkaguzi amegeuka. Si mkali. Auliza kama mtu aulizaye njia: "Samahani, dada. Hivi aliviandika 930 nani?"

Iddi ananitazama, kisha atazama tai yake.

Vidato tisa. Kumi.

Kidole changu kiko ukurasa wa kumi na nne. Nainuka. Kalamu naiacha hapa — hapana, kalamu naenda nayo. 61 bado yangoja wino.